Hamali, Wachuuzi na Benki Yao: Miaka Hamsini ya SEWA

Ombi lilikwama kwa sababu moja tu: wanawake hawa hawakuwa na mwajiri. Ilikuwa mwanzoni mwa 1972 mjini Ahmedabad, katika jimbo la Gujarat, magharibi mwa India. Karatasi zilizofika mezani kwa msajili zilikuwa za chama cha wafanyakazi, lakini wanachama wake walikuwa hamali wa soko la vitambaa, wasukuma mikokoteni, wauza mboga na wauza nguo kuukuu. Chama cha wafanyakazi, walielezwa, huundwa ili kupambana na tajiri. Wao wangepambana na nani? Ela Bhatt, mwanasheria aliyewasemea, alishikilia kwamba wafanyakazi huunda chama kwanza ili washikamane wao kwa wao, hata kama hakuna tajiri mmoja wa kupelekewa madai. Wakavutana kwa muda, hadi Aprili 1972 cheti kilipotoka. Chama cha Wanawake Waliojiajiri, kinachojulikana zaidi kwa jina la SEWA, kikawa chama halali.

Ahmedabad haukuwa mji mgeni kwa mambo ya vyama. Viwanda vyake vya nguo vilikuwa vimeshuhudia mgomo mkubwa wa 1918, ambao Mahatma Gandhi aliuongoza bega kwa bega na Anasuya Sarabhai, dada wa mmoja wa wenye viwanda. Miaka miwili baadaye kikaundwa chama cha wafanyakazi wa viwanda vya nguo, kikajijengea nguvu na heshima. Mwaka 1954 chama hicho kilifungua idara ya wanawake. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wake na mabinti wa wafanyakazi kushona, kufuma na kutarizi. Nia ilikuwa njema, ila mfanyakazi aliyehesabiwa alibaki kuwa baba aliyeingia kiwandani asubuhi king'ora kilipolia.

Ela Bhatt aliingia katika chama hicho mwaka 1955 kama mwanasheria, na mwaka 1968 akapewa kuongoza idara ya wanawake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 viwanda vikubwa vilipofungwa na wanaume wakarudi nyumbani mikono mitupu, alizitembelea familia zao akakuta jambo ambalo vitabu vya chama havikuwa nalo. Chakula kilikuwa kinapikwa bado. Mama aliuza mboga, akasokota sigara za bidi, akaviringisha vijiti vya udi au akaunganisha vipande vya vitambaa kuwa mashuka. Kazi hizo zilikuwapo siku zote, na hakuna aliyeziandika popote.

Mwaka 1971 kundi la wanawake wahamiaji waliovuta mikokoteni sokoni lilikuja kuomba msaada wa makazi. Nyuma yao wakaja hamali waliobeba marobota ya vitambaa kichwani kutoka duka hadi duka. Hawa walilipwa kwa safari, na mfanyabiashara ndiye aliyejua hesabu. Bhatt aliandika makala gazetini kueleza ujira wao ulivyo mdogo. Wafanyabiashara wakajibu kwa makala yao, wakidai kwamba wanawalipa vizuri na wakitaja viwango. Alichofanya baada ya hapo kinaonyesha akili iliyokijenga chama hiki: alivichapa viwango hivyo kwenye kadi, akazigawa kwa hamali wenyewe. Kuanzia siku hiyo mama aliyepunjwa aliweza kutoa kadi na kumwonyesha mwenye duka maneno ya wenzake.

Habari zilisambaa. Wauza nguo kuukuu, wanaopita mlango kwa mlango wakitoa vyombo vipya vya jikoni kwa nguo zilizochakaa, wakaomba nao wasaidiwe. Mkutano ulifanyika bustanini Desemba 1971, na humo ndimo ulimotoka uamuzi wa kuunda chama chao.

Cheti hakikuwaondolea mkopeshaji. Mchuuzi wa mboga alikopa mtaji alfajiri na kurudisha jioni pamoja na riba, na faida ya siku nzima ikaishia humo. Mwenye mkokoteni wa kukodi alilipa kodi miaka nenda rudi bila kuumiliki. SEWA ilijaribu kwanza kuwapeleka wanachama kwenye benki za serikali. Huko walidharauliwa kwa nguo zao na kwa watoto waliowabeba, na mara nyingi walifika baada ya saa za kazi kwa kuwa ndipo walipomaliza kuuza. Ndipo mmoja wao, muuza nguo kuukuu, alipouliza mkutanoni kwa nini wasianzishe benki yao, kwani ni maskini kweli lakini ni wengi.

Wanawake 4,000 walinunua hisa za rupia 10 kila mmoja. Msajili wa ushirika alikuwa na wasiwasi: benki gani hii ambayo wenyewe hawajui kutia saini? Waanzilishi walikesha usiku mzima wakijifunza kuandika majina yao, na mwaka 1974 benki ikasajiliwa. Kwa wenye akaunti wasiojua kusoma ilibuniwa njia rahisi: picha ya mwenye akaunti akiwa ameshika kibao chenye namba yake. Picha hiyo ikawa kitambulisho, na kwa wengi wao kitabu cha benki kilikuwa karatasi ya kwanza iliyobeba jina lao na si la mume. Mikopo ilikomboa vikuku vya fedha vilivyowekwa rehani, ikanunua mizani, ikanunua mikokoteni.

Bila benki hiyo, huenda historia ingeishia 1981. Mwaka huo ghasia zilizuka Ahmedabad kupinga nafasi zilizotengwa kwa Wadalit katika vyuo vya udaktari. Wengi wa wanachama wa SEWA walitoka katika jamii hizo zilizobaguliwa. Chama mama, kile cha wafanyakazi wa viwanda vya nguo, kilipendelea kunyamaza. Bhatt alisema hadharani kwamba nafasi hizo ni haki. Akafukuzwa, pamoja na SEWA yote. Inapasa kulitazama tukio hili kwa uzito wake: chama kilichozaliwa katika nyumba ya Gandhi kiliwatoa nje wanawake maskini kuliko wote kwa sababu msemaji wao hakutaka kuwakana. Walitoka wakiwa na benki yao, akiba yao na wanachama wao, na katika miaka iliyofuata wakaongezeka.

Mapambano yaliendelea barabarani. Katika soko la Manek Chowk, ambako mama alirithi sehemu ya kuuzia kutoka kwa mama yake, polisi waliwafukuza wachuuzi na kuwatoza faini kila siku. Wanawake walirudi kwa pamoja, wakakaa na vikapu vyao, na baadaye kesi ikafika Mahakama ya Juu ya India, ambayo iliutaka mji uwape leseni. Mwaka 1984 baadhi ya wanachama, wakiwamo wasiojua kusoma, walifunzwa kutumia kamera za video ili wasimulie mambo yao wenyewe. Vikafuata vituo vya kulelea watoto, huduma za afya na bima, kila kimoja kikitokana na shida iliyotajwa mkutanoni: mama haendi sokoni kama mtoto hana pa kuachwa, na ugonjwa mmoja hufuta akiba ya miaka.

Nje ya India sauti yao ilifika mbali. Ela Bhatt, pamoja na Esther Ocloo wa Ghana, aliyeanza maisha kwa kuuza jemu barabarani, walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa mtandao wa Women's World Banking mwaka 1979. Mwaka 1996 mjini Geneva, baada ya kampeni ndefu ya SEWA na wenzao, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 177 kuhusu kazi za nyumbani, ingawa kundi la waajiri lilijitenga. Mwaka 2002 ulizinduliwa Durban mtandao wa kimataifa wa wachuuzi, StreetNet, ambao SEWA ilisaidia kuujenga. Wachuuzi wa Kenya wamo humo kupitia muungano wao wa KENASVIT. Na mwaka 2006 shirikisho la kimataifa la vyama vya wafanyakazi liliipokea SEWA kuwa mwanachama kamili, miaka 34 baada ya msajili kuuliza watapambana na nani.

Ela Bhatt alifariki tarehe 2 Novemba 2022, mwaka uleule chama kilipotimiza miaka 50, akiwa na umri wa miaka 89. Aliacha chama chenye wanachama zaidi ya milioni 2 katika majimbo mengi ya India, wengi wao sasa wakiwa vijijini: wakulima, wafugaji, wachimba chumvi wa jangwa la Kutch, watarizi.

Hesabu ya yaliyobaki ni ndefu. India yenyewe haijauridhia Mkataba namba 177, na anayesokota bidi nyumbani bado hulipwa kwa idadi aliyosokota. Wachuuzi angalau wana sheria: tangu 2014 kila mji unatakiwa kuunda kamati ya biashara za barabarani, ambamo wachuuzi wasipungue asilimia 40 ya wajumbe, na theluthi ya viti vyao viwe vya wanawake. Miji mingi ilichelewa kuziunda, na wanachama wa SEWA wanaendelea kwenda kwenye ofisi za manispaa kuvidai viti hivyo.