Kijitabu cha William Banting na Mlo wa Wanga Kidogo

Mlo wa wanga kidogo, yaani utaratibu wa kula unaopunguza sana nafaka, viazi, sukari na vyakula vingine ambavyo mwili huvigeuza kuwa sukari, huhubiriwa leo kana kwamba ni uvumbuzi wa karne hii, ilhali kijitabu kilichouvumisha kwa mara ya kwanza kilichapishwa London mwaka 1863, na ubishi uliozuka wakati huo kuhusu siri ya mafanikio yake haujaisha mpaka sasa.

Mtunzi wa kijitabu hicho, William Banting, hakuwa tabibu, bali mfanyabiashara aliyeheshimiwa kwa kusimamia mazishi ya watu wa jamii ya kifalme ya Uingereza. Alipokaribia umri wa miaka 66 alikuwa na uzito wa kilo zipatazo 92 na kimo cha sentimita 165 tu, hata akashindwa kufunga kamba za viatu vyake na akalazimika kushuka ngazi kinyumenyume ili kuyapunguzia magoti mzigo. Madaktari aliowaendea kwa miaka mingi walimwelekeza mara apige makasia, mara aoge bafu za mvuke, mara anywe maji ya chemchemi za tiba; makasia yalimtia nguvu kweli, lakini yalimzidishia pia hamu ya kula, na unene ukabaki palepale.

Ukombozi wake ulitoka mahali asipopatarajia. Mwaka 1862, masikio yake yalipoanza kuwa mazito, alimwendea William Harvey, daktari wa masikio, ambaye miaka michache kabla alikuwa Paris akisikiliza mihadhara ya mwanasayansi Claude Bernard kuhusu uwezo wa ini kutengeneza sukari. Harvey aliwaza kwamba, ikiwa mgonjwa wa kisukari hunufaika kwa kuepuka sukari na wanga, huenda njia hiyohiyo ikazuia mafuta kujilundika mwilini. Kwa hiyo akampiga Banting marufuku mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi, akamruhusu nyama, samaki, mboga, matunda kiasi na mvinyo usio mtamu. Katika muda wa takriban mwaka mmoja Banting alipungua kilo zipatazo 21 na usikivu wake ukarudi, naye kwa shukrani akachapisha habari zake kwa gharama zake mwenyewe na kuzigawa bure.

Lipo jambo moja katika kijitabu hicho ambalo wafuasi wa mlo huu hulipita upesi mno, nalo ni kwamba chakula cha Banting kilipimwa: nyama au samaki wa mlo mmoja ilikuwa kati ya gramu 85 na 170 hivi, na, licha ya marufuku ya mkate, kipande kidogo cha mkate mkavu kiliendelea kuwapo mezani. Alipunguza wanga, lakini alipunguza pia chakula kwa jumla, na kwa kuwa mambo hayo mawili yalikwenda pamoja, haikuwa rahisi kujua lipi lililomponya. Madaktari wa zama zake walimdai Harvey maelezo ya kisayansi, naye hakuwa na jibu la kuwaridhisha.

Sayansi ya sasa inaweza kujibu sehemu kubwa ya swali hilo. Wanga ukiliwa huvunjwa kuwa glukosi, na kongosho hutoa insulini, homoni inayoruhusu seli kuipokea glukosi hiyo na inayozuia mafuta ya akiba yasitoke. Ziada ya glukosi huhifadhiwa katika ini na misuli kama glikojeni, ambayo kila gramu yake hushikana na takriban gramu 3 za maji. Mtu anapoacha wanga, akiba hiyo huisha kwa siku chache na maji yake hutoka kwa mkojo, ndiyo maana kilo za juma la kwanza, zinazowafurahisha wengi, kwa sehemu kubwa ni maji. Baada ya hapo insulini hushuka, mafuta hutoka kwenye hifadhi, na ini huyageuza mengine kuwa ketoni, viini ambavyo ubongo huweza kuvitumia badala ya glukosi. Hata hivyo, mwili unaounguza mafuta yaliyoliwa leo si lazima uwe unapunguza yaliyolundikana tangu zamani: hifadhi hupungua pale tu nishati inayoliwa inapokuwa pungufu kuliko inayotumika. Faida halisi ya mlo huu ni kwamba protini nyingi hushibisha, na kuondolewa kwa soda, maandazi na keki humpunguzia mtu nishati nyingi bila ya yeye kuhesabu.

Mwaka 1972 daktari wa moyo Robert Atkins wa New York aliufufua mlo huu kwa kitabu kilichouzwa kwa mamilioni, na mwaka uliofuata Chama cha Madaktari cha Marekani kikaushutumu. Hukumu ya majaribio ilikuja baadaye. Utafiti wa watu 63 uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba waliopunguza wanga waliwatangulia wenzao katika miezi 6 ya mwanzo, lakini kufikia mwaka mmoja tofauti ya maana haikuonekana tena. Na mwaka 2018 utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, uliohusisha watu 609, ulikuta kwamba kwa mwaka mzima waliopunguza wanga walipoteza wastani wa kilo 6.0 na waliopunguza mafuta kilo 5.3, tofauti isiyotosha kuutangaza upande wowote kuwa mshindi.

Kasoro za mlo huu nazo si za kudharauliwa. Siku za mwanzo huja na maumivu ya kichwa na uchovu. Upungufu wa nyuzinyuzi huleta choo kigumu. Na kwa baadhi ya watu lehemu mbaya katika damu hupanda, hasa nyama yenye mafuta na siagi vinapochukua nafasi ya nafaka. Katika Afrika Mashariki, ambako ugali, wali, ndizi na mihogo ndivyo chakula chenyewe na vingine ni vitoweo, mlo huu ni ghali, na sura yake kali hukataza hata maharage, ambayo ni protini ya wenye kipato kidogo na yenye nyuzinyuzi tele.

Hatari kubwa kuliko zote huwakabili wagonjwa wa kisukari wanaotumia insulini au vidonge vinavyolichochea kongosho kuitoa, kwa sababu wakipunguza wanga bila kupunguza dawa, sukari ya damu huweza kushuka ghafla hata wakapoteza fahamu. Hao wasibadili sahani kabla ya kuonana na daktari na kupangiwa upya vipimo vya dawa zao.