Una Kilo Ngapi?

Siku moja nilikuwa Coco Beach, Dar es Salaam, nimekaa na daftari langu, najidai natafuta hadithi. Akapita kijana mmoja kabeba ubao wa kuteleza juu ya mawimbi. Mimi mtu wa bara, mbao hizo nilizoea kuziona pichani tu, na za pichani huwa ndefu, nyembamba kama kisu. Huu wake ulikuwa mfupi, mpana, mnene, na nyuma umegawanyika kama mkia wa samaki. Nikamwuliza, "Kaka, mbona mfupi hivi? Si utazama nao?" Akacheka. Badala ya kunijibu akaniuliza yeye, "Wewe una kilo ngapi?"

Nilishtuka kidogo. Nje ya hospitali, swali hilo nilikuwa nimeulizwa mara moja tu maishani, na nililiulizwa kwetu Kisaki, ukingoni mwa mto Mgeta.

Nilikuwa kidato cha pili, na masika yalikuwa yamepamba moto. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo aliyekuwa akinilipia ada ni mjomba wangu, na ada yenyewe ilikuwa magunia mawili ya mpunga tuliyokuwa tunayapeleka ng'ambo kuyauza. Mvushaji alikuwa mzee mmoja mwenye mtumbwi wa gogo, si mkubwa. Tulimwamkia, akaitikia, kisha akatutazama mmoja mmoja: mjomba, mimi, na mama wawili wafanyabiashara. Hakuutazama mto wala mtumbwi. Akaniuliza, "Mjukuu, una kilo ngapi?" Nikaona ananidharau kwa wembamba wangu. Kisha akasema, "Wanne pamoja na mimi, na gunia moja. Waliobaki safari ya pili."

Mjomba hakutaka. Jua linazama, gari litaondoka, na yeye kazaliwa na mto huu, nani wa kumfundisha? Wale mama nao hakuna aliyetaka kubaki nyuma. Mzee alibishana, akachoka, akashika pondo lake. Tukaingia watu watano na magunia mawili. Katikati ya mto maji yalikuwa vidole viwili chini ya ukingo wa mtumbwi. Mama mmoja akajigeuza kidogo tu kutazama alikotoka, maji yakaingia. Mzee akapiga kelele, "Tupa!" Mjomba mwenyewe ndiye aliyelisukuma gunia la kwanza. La pili lilifika limelowa. Hakuna aliyekufa, tunamshukuru Mungu, lakini muhula ule sikwenda shule.

Miaka baadaye nilikaa na penseli nikaipiga ile hesabu. Lita moja ya maji ya mto ina uzito wa kilo moja. Chombo kikisukuma lita moja ya maji pembeni, kinabeba kilo moja, basi, hakuna uchawi. Tufanye kila mtu alikuwa na kilo 60 na kila gunia kilo 80. Mzee alitaka kubeba kilo 320. Sisi tulimpa 460. Zile kilo 140 za zaidi ndizo zilizoumeza ukingo wa mtumbwi. Mzee hakuwa na mizani wala penseli, lakini hesabu ile alikuwa nayo kichwani.

Nilipomaliza kidato cha nne bila kuchaguliwa kuendelea, nikaanza kusoma historia kwa njia zangu mwenyewe, kitabu cha kuazima hapa, kingine pale. Kumbe swali la yule mzee lilishafika kwetu zamani sana.

Maji ya Mgeta huingia mto Ruvu, na Ruvu humwaga baharini karibu na Bagamoyo. Misafara ya zamani ilipanda kutoka pwani kufuata bonde hilo hilo. Julai 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Zungomero, kituo kikubwa cha misafara kilichokuwa karibu na Kisaki ya leo. Walikaa hapo mpaka Agosti, wagonjwa wa homa wote wawili, wakisubiri wapagazi. Walikuwa wanakwenda kulitafuta ziwa kubwa ambalo Waarabu na Wanyamwezi walikwishalijua. Na msafara wa kutafuta ziwa haukuwa na chombo!

Si kwamba hawakuwa nacho. Walikuwa na mashua ya chuma, jina lake Louisa, iliyoundwa vipande vipande ili ibebeke. Waliiacha pwani kwa sababu wapagazi wa kuibeba hawakupatikana. Matokeo yake yalionekana mwaka uliofuata. Februari 1858 walilifikia Ziwa Tanganyika. Machi, Speke na Sidi Mubarak Bombay walivuka ziwa kwa mtumbwi kwenda kuomba jahazi la mfanyabiashara mmoja Mwarabu, wakarudi mwisho wa mwezi mikono mitupu. Aprili walikodi mitumbwi Ujiji, wakafika Uvira, wakaishia hapo. Walitaka kuuona mto Rusizi kwa macho yao: unaingia ziwani au unatoka? Hawakuuona. Ubishi ule ulidumu hadi Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipofika mdomoni mwa Rusizi wakauona unaingia. Nao walikwenda na nini? Mtumbwi kutoka Ujiji.

Nadhani Stanley alijifunza kitu hapo. Aliporudi mwaka 1874 alikuja na mashua ya mbao iitwayo Lady Alice, iliyoundwa Teddington, Uingereza, urefu futi 40, upana futi 6, imegawanywa vipande vitano. Kwenye karatasi ilikuwa chombo safi kabisa. Ilipofika Unguja ikapimwa, na vipande vikaonekana vina ratili kama 280 kila kimoja. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa ratili 60 au 70. Utasema, si wabebe watu wanne? Lakini njia zetu za zamani zilikuwa nyembamba, mtu mmoja nyuma ya mwenzake. Watu wanne hawapiti sambamba. Ikabidi seremala avikate tena vipande, viwe vyembamba na vyepesi, ndipo msafara ukaondoka Bagamoyo Novemba 1874.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mzee wangu. Mashua ile ilipimwa mara mbili: kwanza kwa maji ya huko ilikoundwa, halafu kwa mabega ya watu wa huku. Kipimo cha pili ndicho kilichotawala. Ilipokatwa ikatoshea mabega, ilizunguka Ziwa Victoria mwaka 1875, ikazunguka Tanganyika mwaka 1876, ikateremka mto Kongo mpaka ilipoachwa kwenye maporomoko mwaka 1877. Mshika usukani wake alikuwa Uledi, mtu wa huku kwetu. Jina lake limebaki kwa sababu aliwaokoa wengi kwenye maji. Waliobeba vile vipande begani, wengi wao hatuwajui hata majina. Mashua tunaijua, imepewa jina la mchumba wa Stanley.

Vita vya 1914 vililirudisha swali kwa ukali zaidi. Manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja Septemba 1914, ilijificha kwenye delta ya Rufiji. Manowari kubwa za Waingereza zilibaki nje baharini zikitazama mikoko, maana maji hayakuwa na kina cha kuzitosha. Iliyomalizwa Julai 11, 1915 ilimalizwa na vyombo viwili vidogo, Severn na Mersey, vilivyoundwa kwa ajili ya mito ya Brazili, vyenye tumbo bapa la kupita maji mafupi.

Mwaka huo huo Waingereza walisafirisha mashua mbili, Mimi na Toutou, kutoka London hadi Cape Town, zikapanda treni, zikakokotwa na ng'ombe na mashine za mvuke porini Kongo, mpaka Ziwa Tanganyika. Urefu wake? Futi 40, sawasawa na Lady Alice! Desemba 26, 1915 ziliiteka meli ya Wajerumani iliyoitwa Kingani. Kingani ndilo jina la zamani la Ruvu, mto unaopokea maji ya Mgeta wetu. Meli hiyo ilikuwa kubwa kuliko kila moja ya zile mashua, lakini mzinga wake ulipiga mbele tu, na mashua zilikuwa nyepesi za kuizunguka.

Septemba 1916 vita vilifika Kisaki penyewe. Wajerumani wakarudi ng'ambo ya kusini ya Mgeta, na mto ule ule ukawa mpaka wa majeshi hadi Januari 1917. Masika yalipoanza, malori yalikwama na wanyama wakafa kwa mbung'o, mizigo ikarudi kwenye mabega. Wapagazi walikufa kwa maelfu kwa maradhi na njaa. Ndugu msomaji, ukienda kununua viatu Kariakoo, kumbuka jina hilo limetokana na jeshi la wapagazi wale, Carrier Corps.

Sasa nirudi kwa yule kijana wa Coco. Alinionyesha namba iliyoandikwa kwenye ubao wake: lita 40. Akasema umbo lile ni la kizamani lililorudi. Baadaye nilisoma kwamba kabla ya 1967 mbao zilikuwa za futi 9 na 10. Mwaka huo kijana mmoja wa San Diego, Steve Lis, akatengeneza mfupi wenye mkia wa samaki, wa kuteleza mtu akiwa amepiga magoti. Waliokata urefu na unene pamoja walipata mbao kali za mabingwa, lakini mtu mzito au anayejifunza anazama nazo. Waliokata urefu wakaacha upana na unene, walibaki na zile lita. "Usiangalie urefu," kijana akaniambia. "Angalia kilo zako, angalia na wimbi. Wimbi la hapa ni dogo, linataka ubao mpana. Ukinunua ule wa kwenye picha utakaa majini mpaka jioni."

Nilimpa hesabu yangu: kilo 58. Akanitazama kama mzee alivyonitazama, akasema ule wake ungenifaa, ila nisianzie hapo, nianze na mrefu zaidi wa wanafunzi. Sikuona dharau safari hii.

Mjomba alifariki kabla sijamweleza habari za Lady Alice. Angebisha, namjua. Angesema vyombo vya Wazungu ni vingine na Mgeta ni mwingine. Lakini tangu siku ile ya gunia, kila tulipofika mtoni, alikuwa wa kwanza kukaa chini ya mti na kusema, "Tangulieni ninyi, mimi safari ya pili."