Ruzuku ya Kaya Maskini Katika Ukanda wa Dhahabu: Namna Wananchi wa Shinyanga na Geita Walivyoipokea

Mikoa ya Shinyanga na Geita huhesabiwa miongoni mwa mikoa yenye utajiri mkubwa wa madini nchini. Mgodi wa Dhahabu wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000. Bulyanhulu na Buzwagi imo wilayani Kahama. Na almasi ya Mwadui, wilayani Kishapu, imechimbwa tangu enzi ya ukoloni. Katika mikoa hiyohiyo zipo kaya ambazo hupokea ruzuku ya Serikali kwa kuwa hazimudu mlo, matibabu na mahitaji ya shule. Mwananchi anayeishi jirani na mgodi huuliza, na ana haki ya kuuliza, nani hasa anastahili kuitwa maskini mahali panapochimbwa dhahabu.

Ruzuku hiyo hutolewa kupitia Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), ulioanzishwa mwaka 2000. Katika awamu zake mbili za kwanza, Mfuko ulijulikana zaidi kwa miradi ya madarasa, zahanati na visima. Uhawilishaji wa fedha moja kwa moja kwa kaya ulijaribiwa kwanza katika wilaya za Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, ndipo Rais wa Awamu ya Nne, Mheshimiwa Jakaya Mrisho Kikwete, akazindua Awamu ya Tatu mjini Dodoma mwezi Agosti 2012. Kipindi cha kwanza cha awamu hiyo kilifikia kaya zipatazo milioni 1.1. Kipindi cha pili kilizinduliwa na Rais wa Awamu ya Tano, Hayati Dkt. John Pombe Magufuli, jijini Dar es Salaam tarehe 17 Februari, 2020, kikilenga kuvifikia vijiji, mitaa na shehia zote nchini. Jina nalo lilibadilika: kilichoitwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini kikawa Mpango wa Kunusuru Kaya za Walengwa, ingawa vijijini wengi huendelea kusema kwa ufupi tu, “pesa za TASAF”.

Malalamiko mengi hutokana na utambuzi wa kaya. Kwa mujibu wa utaratibu, majina hupendekezwa na wananchi wenyewe katika mkutano wa hadhara wa kijiji, kisha kaya zilizopendekezwa hujaziwa dodoso linalopima hali ya makazi, mali, elimu na idadi ya wategemezi. Majibu huchakatwa kwa kompyuta na orodha hurejeshwa kijijini ili ithibitishwe mbele ya mkutano. Mwananchi aliyeshuhudia jirani yake akitajwa mkutanini, kisha jina hilo likakosekana kwenye orodha ya mwisho, si rahisi kuridhika na maelezo kwamba mashine ndiyo iliyoamua. Vilevile, kaya mbili zinazofanana kwa macho ya wanakijiji zinaweza kutenganishwa na tofauti ndogo ya alama: moja ikaingia, nyingine ikabaki nje.

Katika ukanda huu kuna ugumu wa ziada. Miongoni mwa Wasukuma, mji mmoja unaweza kuwa na wake kadhaa, vijana waliooa na wajukuu, ilhali Mpango huitambua kaya kwa watu wanaokula chungu kimoja. Wachimbaji wadogo nao huhamahama. Habari za dhahabu zikisikika, baba wa familia hufunga safari kufuata rashi, akarudi baada ya miezi au asirudi kabisa. Siku ya dodoso nyumba huwa na mama na watoto, na fedha za machimboni zikihesabiwa ni zile ambazo huenda hazikufika nyumbani. Mwanamke anayeokota mawe au kuosha marudio anaweza kushika fedha nzuri wiki moja na kukosa unga wiki inayofuata. Dodoso linalopima mali halinasi kwa urahisi kupanda na kushuka kwa namna hiyo.

Ugumu huo ulionekana zaidi uchumi wa eneo ulipoyumba. Mwezi Machi 2017 Serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia nje ya nchi, hatua iliyozaa majadiliano na hatimaye Kampuni ya Twiga, ambamo Serikali ina hisa za asilimia 16. Katika kipindi cha mpito mgodi wa Bulyanhulu ulipunguza shughuli, na wafanyakazi pamoja na watumishi wa wakandarasi wapatao 2,000 wakaguswa. Mwaka 2019 wakulima wa pamba walikaa muda mrefu wakisubiri malipo baada ya bei ya soko la dunia kushuka chini ya ile ya Shilingi 1,200 kwa kilo iliyotangazwa nchini. Mwezi Aprili 2020 mgodi wa Mwadui ulisimamisha uzalishaji kutokana na athari za UVIKO-19 katika soko la almasi, na mwaka 2021 Buzwagi ulihitimisha uzalishaji wake.

Aliyepoteza ajira katika kipindi hicho alitazamia kwamba ruzuku ya TASAF ingemhusu. Haikuwa hivyo. Mpango haukubuniwa kuwa fidia ya ajira au ya bei ya mazao. Ulibuniwa kwa kaya zilizo katika umaskini wa kudumu, na orodha yake haifunguliwi kila uchumi unapotetereka. Jambo hili halikuelezwa vya kutosha, na pengo hilo la taarifa ndilo lililojazwa na minong'ono ya upendeleo.

Kuhusu kiasi, maoni hugawanyika. Katika kipindi cha kwanza ruzuku ya msingi ilikuwa Shilingi 10,000 kwa mwezi, na kaya yenye watoto iliongezewa 4,000. Ruzuku yenye masharti ilifuata mahudhurio ya kliniki na ya shule, ambapo mwanafunzi alitakiwa kuhudhuria angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Jumla ya juu kabisa kwa kaya ilikuwa Shilingi 38,000 kwa mwezi, na malipo yalifanyika kila baada ya miezi miwili. Ajira za muda zililipa Shilingi 2,300 kwa siku, kwa siku 15 za mwezi, miezi minne ya hari. Anayezipima fedha hizo kwa bei ya gramu ya dhahabu huziona si kitu. Bibi anayelea wajukuu watatu huzipima kwa debe la mahindi, sare za shule na kuku wawili wa kuanzia.

Sharti la shule lina uzito wake mahali ambapo mtoto wa miaka 12 anaweza kupata ujira karibu na karasha. Utafiti uliofanywa nchini kati ya mwaka 2015 na 2017 ulionesha kuwa watoto wa kaya za walengwa walipunguza kazi za ujira nje ya kaya, lakini wakaongeza uchungaji wa mifugo ya nyumbani. Matokeo hayo hayamshangazi anayeijua Shinyanga: fedha ikipatikana hununuliwa mbuzi, na mbuzi lazima achungwe na mtu.

Yapo pia malalamiko ambayo Serikali yenyewe iliyathibitisha. Uhakiki uliofanyika ulibaini makumi ya maelfu ya kaya zisizostahili kote nchini: wahusika waliofariki au kuhama, wasio maskini, na hata viongozi wa vijiji waliojiorodhesha. Kaya hizo ziliondolewa. Hata hivyo, katika uhakiki wa aina hiyo kaya ambayo mhusika wake hayupo siku hiyo imo hatarini kuhesabiwa kuwa hewa, na machimboni kutokuwapo ni jambo la kawaida.

Tofauti na Kaunti ya Homa Bay, ng'ambo ya Ziwa Viktoria nchini Kenya, ambako shirika la GiveDirectly lilieleza mwaka 2016 kwamba karibu nusu ya kaya zilikataa fedha kwa kuzihofia, nchini Tanzania manung'uniko makubwa yamekuwa ya kuachwa nje. Watafiti waliofuatilia vijiji 80 vya majaribio katika wilaya tatu za mwanzo walibaini kuwa ruzuku iliongeza imani ya walengwa kwa viongozi wao, hasa palipokuwa na mikutano ya kijiji ya mara kwa mara.

Malipo kwa simu na benki yamepunguza safari na foleni, na yameondoa nafasi ya michango kukatwa pale pale mezani, jambo ambalo walengwa walilinung'unikia kwa miaka. Mzee asiye na simu hulazimika kumtegemea mjukuu au jirani, na laini iliyosajiliwa kwa jina lisilolingana na la orodha inaweza kuzuia malipo. Mlengwa aliyefikwa na hali hiyo, au mwananchi anayeona kaya imeachwa kimakosa, anapaswa kuanza kwa kamati ya usimamizi ya jamii katika kijiji au mtaa wake, kisha kwa mratibu wa TASAF wa halmashauri, akiwa na kitambulisho na namba ya kaya kama anayo.