Chuma cha reli kilipogeuka chembe za mishale

Eldoret ilipotawazwa kuwa jiji la tano la Kenya mnamo Agosti 15, 2024, wadi ya Huruma nayo ilipanda cheo bila kuongeza hata nyumba moja. Historia ya mji huu husimuliwa kwa njia ile ile: Makaburu walifika 1908, Shamba Nambari 64, ulipojengwa mji, likawaachia wazee jina la Sisibo, kisha wanariadha wakaja na medali. Upinde hauna nafasi humo. Ukitajwa, hutajwa na polisi.

Aliyeupa nafasi ni ofisa wa serikali ya kikoloni, Alfred Claud Hollis, katika kitabu chake kuhusu Wanandi kilichochapishwa Oxford mwaka 1909. Hollis anaorodhesha mishale kama mwenye duka anayehesabu bidhaa. Upo wa vita, upo wa ndege wenye ncha ya mti, upo wa kutoboa mshipa wa shingo ya ng'ombe ili damu ikingwe na kunywewa pamoja na maziwa. Huo wa mwisho uliwekewa kizuizi nyuma ya ncha usizame kupita kiasi, na ng'ombe alirudi malishoni siku hiyo hiyo. Magazeti yetu hupenda kuandika "silaha butu" hata pale mtu amechomwa mshale. Basi ule wa ndege ndio pekee uliostahili jina hilo.

Karibu kila kitu kilipatikana karibu na boma. Mti ulitoka kichakani, upote kwenye kano za mnyama aliyechinjwa, unyoya kwa ndege. Chuma peke yake ndicho kilichohitaji fundi, na wahunzi wa Wanandi, kwa maelezo ya Hollis, walikuwa na asili ya Wamaasai wa Uasin Gishu, watu waliovunjwa vitani wakapoteza mifugo. Kwa hiyo jina la Uasin Gishu, kaunti ya Eldoret, ni jina la watu wa nyundo na mvukuto.

Kisha chuma kikaja chenyewe. Reli kutoka Mombasa, iliyofika Kisumu Desemba 1901, ilipita ukingoni mwa nchi ya Wanandi, na vifaa vyake havikukaa. Nyaya za simu zikawa mapambo shingoni na mikononi. Bolti zikaingia motoni zikatoka silaha. Waingereza waliita wizi, na mwaka 1900 wakatuma jeshi. Vitabu vingi hukubali neno hilo bila kuuliza. Mimi nauliza: mtu akipitisha chuma chake kwenye ardhi yako bila kuomba njia, nani ameanza kuiba? Chuma kilichosafirishwa kwa meli kutoka Uingereza kikawa kinarudishiwa wenyewe, safari hii kwa upote na kwa mkuki. Afadhali mhunzi, alikifua kwanza.

Ugomvi huo uliendelea hadi Oktoba 19, 1905, ofisa Mwingereza Richard Meinertzhagen alipomuua kiongozi wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, kwenye mkutano ulioitwa wa amani. Baadaye Wanandi walisukumwa kwenye hifadhi ya wenyeji. Mwaka 1977 serikali ikapiga marufuku uwindaji nchini, na upinde ukakosa kazi ya halali.

Yaliyofuata yanajulikana. Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, mishale iliruka Eldoret, na Huruma ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyoumia. Tangu hapo, fundi wa kuchonga hujificha kama mpika chang'aa.

Kijana wa leo akitaka kuchonga kitu, huwaza ule upinde wa sinema wenye kifyatuo, unaolazwa juu ya kipande cha mti kama bunduki. Huo una kwao Afrika pia: Wafang wa Gaboni waliutengeneza kwa mbao tupu, na msafiri Paul du Chaillu aliueleza katika kitabu chake cha 1861. Lakini haukuwa wetu. Wetu unaozea darini.

Mwenye upinde wa babu nyumbani asiugeuze kuni. Muulize mzee, kabla hajaondoka, ni mti gani, nani aliuchonga, na chembe za mishale yake zilifuliwa kwa chuma gani. Andika majibu, uyapeleke makumbusho.