Gharama ya Moto wa Mwaka 1908

Katika mwezi wa Januari 1908, kijana wa Kitutu aitwaye Otenyo alimvizia Bwana Northcote, ofisa wa serikali ya Kiingereza aliyekuja mwaka 1907 kufungua boma pale Getembe, penye mji wa Kisii wa leo, akamchoma mkuki. Wenyeji walimwita bwana huyo Nyarigoti. Jeraha lake lilipona, naye miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong.

Kitutu haikupona upesi hivyo. Nchi hiyo, ambayo leo imegawanyika baina ya Kisii na Nyamira, iliadhibiwa yote kwa mkuki wa mtu mmoja. Askari wa King's African Rifles waliua watu zaidi ya 100, wakachoma nyumba na maghala ya wimbi, wakaswaga ng'ombe kwa maelfu. Hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni kule London, alipopata habari alihoji kama ilikuwa lazima kuendelea kuwaua watu wasio na kinga. Swali lake lilihusu roho za watu. Swali la nyumba likabaki.

Nyumba ya Mgusii haikuwa kazi ya mtu mmoja. Mwenye kujenga aliita risaga, yaani majirani wa kumsaidia, naye akawalisha na kuwapa pombe ya wimbi. Sasa wimbi limeungua, na majirani nao wamelala nje. Ng'ombe, ambao ndio akiba na ndio mahari, wamechukuliwa. Basi aliyechomewa ndiye aliyetozwa, kana kwamba moto ule ulikuwa kazi aliyofanyiwa kwa ombi lake!

Zama zetu zimeona hukumu ya namna nyingine. Mwaka 2020 mahakama mjini Mombasa iliamua kwamba wakazi wa Owino Uhuru, waliodhuriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, walipwe shilingi bilioni 1.3, nazo idara za serikali zilizozembea zilipe pamoja na wenye kiwanda. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu iliirudisha fidia hiyo baada ya kutenguliwa katika rufani. Lakini katika Kitutu ya 1908, aliyetia hasara ndiye aliyekuwa hakimu.

Wakitutu walijenga tena kwa mikono yao. Kisha kila nyumba mpya ikahesabiwa kwa ajili ya kodi ya nyumba, na fedha zikaenda katika hazina ya serikali ileile.