MFAHAMU MHOLANZI ALIYEWAPA MAPROGRAMA RANGI BURE, AKAOMBA WAKUMBUKE WATOTO WA UGANDA

Mtu wangu, ukipita nyuma ya kijana anayeandika programu, kitu cha kwanza kukuvuta ni rangi. Neno hili bluu, lile kijani, jingine jekundu. Wengi wanadhani ni mapambo tu, kama taa za disko. Wapi! Kompyuta yenyewe wala haizijali. Programu ikiandikwa kwa rangi moja inafanya kazi vilevile. Zile rangi ni za jicho la binadamu.

Chukua mfano wa alama za kufungua na kufunga maneno. Mtu akisahau kufunga, mistari ya chini inabadilika rangi, na hapo hapo anashtuka. Bila rangi, kosa hilo dogo linaweza kumkesha mpaka jogoo awike.

Mambo haya hayakuanza juzi. Mwaka 1985 Muingereza mmoja wa IBM alitengeneza LEXX, programu ya kuandikia yenye rangi. Ilitumika kwenye kazi ya kuiingiza kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford kwenye kompyuta. Kamusi ina maneno, matamshi, maana na mifano, vyote vimebanana, na rangi zikasaidia kuvitenganisha.

Sasa ndio anakuja Mholanzi wetu. Mwaka 1991 alitoa programu yake ya kuandikia, Vim. Mwaka 1994 akaenda kujitolea kama mtaalamu wa maji na usafi Kibaale, wilaya ya Rakai, kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania. Ukimwi ulikuwa umeacha yatima wengi kule. Aliporudi kwao hakuwasahau.

Mwaka 1998 likatoka toleo la 5.0, na Vim ikapata rangi. Kuziwasha ni rahisi: unafungua faili la setingi linaloitwa .vimrc, unaandika "syntax on", basi. Kila lugha ya kompyuta ina faili lake linalosema lipi ni neno la amri, ipi ni namba, yapi ni maelezo ya pembeni. Rangi zenyewe zinapangwa kwenye faili jingine. Kwa hiyo ukichoka na bluu, unabadilisha rangi bila kugusa kanuni za lugha.

Na bei? Bure kabisa. Ila ukiifungua Vim tupu, unakutana na ombi la kusaidia watoto maskini wa Uganda. Michango hiyo imesomesha watoto wa Kibaale.

Jamaa alifariki Agosti 2023 akiwa na miaka 62. Toleo la 9.1, lililotoka Januari 2024, liliwekwa wakfu kwake.

Maprograma wangapi wanalipita lile ombi kila siku bila kulisoma? Wewe unayetumia Vim, uliwahi kujiuliza kwa nini Uganda? Funguka hapo chini.