Mimba ya Mbwa, Ekografia na Ukoo Mpana: Hoja kutoka Kalemie

Maandishi ya tiba ya mifugo ya Ulaya na Marekani yanazidi kupendekeza mbwa jike mwenye mimba apimwe kwa ekografia, si kwa kujua tu kama ameshika, bali pia kwa kutafuta kasoro za watoto kabla hawajazaliwa. Pendekezo hilo limetokana hasa na mbwa wa pua bapa, kama vile buldogi. Likiletwa hapa kwetu Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, linakuja na sifa ya maendeleo, na anayelipinga huonekana anaipinga sayansi. Nalipinga, na sababu zangu ni za kisayansi.

Mambo ya msingi hayana ubishi. Mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63 tangu mayai kutoka. Mapigo ya moyo huanza kuonekana karibu siku ya 23 hadi 25, na figo hutambulika baadaye sana, kama siku ya 39 hadi 47. Mwishoni mwa mimba, moyo ukipiga chini ya mara 180 kwa dakika, kijusi kiko taabani. Kwa kazi hizo ekografia haina mpinzani.

Ubishi unaanzia kwenye kasoro. Tuchukue kaakaa lililopasuka, mojawapo ya kasoro zinazowapata watoto wa mbwa mara nyingi. Pande mbili za kaakaa huungana kati ya siku ya 25 na ya 28. Kwa hiyo siku ile daktari anaponyoa manyoya ya tumbo, akapaka jeli na kumwonyesha mwenye mbwa kitone kinachopepesa, kaakaa liko katika kufunga, au limeshindwa. Baadaye watoto hujikunja na kupandana, mbavu za mmoja zikatupa kivuli juu ya uso wa mwingine, na mwanya wa milimita chache ukapotea. Asidi ya foliki imeonekana kupunguza kasoro hiyo kwa baadhi ya mbwa wa pua bapa, lakini hutolewa kuanzia wakati wa kupandishwa au kabla yake. Anayesubiri picha ameshachelewa.

Hapa kwetu kuna tatizo jingine. Mbwa wengi, kuanzia ufuoni mwa ziwa hadi kando ya mto Lukuga, hupandana bila mtu kuandika tarehe. Mtaalamu hukisia umri wa mimba kwa kupima kichwa cha kijusi. Je, kijusi kidogo ni kichanga au kimedumaa? Kukilinganisha na ndugu zake kunasaidia, ila si pale mimba nzima inapokuwa na hitilafu.

Ushahidi ninaouthamini kuliko wote unatoka nchini mwetu. Basenji, mbwa wa Kongo anayesifika kwa kutobweka, alionyeshwa na Olivia Burn kwenye maonyesho ya Crufts, Uingereza, mwaka 1937. Basenji wote wa Ulaya na Marekani walitokana na wazazi wachache mno, na matokeo yake yakaonekana: ngiri ya kitovu, upungufu wa damu wa kurithi, na ugonjwa wa figo uitwao Fanconi. Wafugaji walipowazuia kuzaa mbwa waliobeba ule upungufu wa damu, ukoo ulizidi kubanwa, na wengi wao wanaamini kwamba ndivyo Fanconi ilivyoenea. Ugonjwa huo kwa kawaida hujitokeza mbwa akiwa na umri wa miaka 4 hadi 7. Ekografia gani ya mimba ingeuona? Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Kimarekani walikuja Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati huo, kutafuta mbwa wa vijijini, na mwaka 1990 American Kennel Club ikafungua daftari lake la ukoo ili mbwa hao waingizwe. Kipimo cha alama ya kijeni cha Fanconi kilipatikana mwaka 2007, na cha jeni yenyewe mwaka 2011. Wenye maabara na mashine walifuata kwetu ukoo mpana, kitu ambacho mashine zao hazikuweza kuwapa.

Mbwa hao hawakutoka ufuoni mwa Tanganyika, na sidai kwamba wetu ni wale wale. Nadai kwamba uzazi huru wa mbwa wa Kalemie ni kinga tunayoidharau. Wapo watakaosema watoto wenye kasoro hapa hufa bila kuhesabiwa. Ni kweli, na hesabu hiyo haihitaji mashine: mtoto akizaliwa, hufunguliwa kinywa, kaakaa likaguswa kwa kidole kidogo na kutazamwa kwa tochi, na kitovu kikakaguliwa.

Pingamizi zito zaidi linahusu watoto waliovimba maji, ambao huonekana kwa ekografia na ambao mama yao huenda akahitaji upasuaji ili kujifungua. Hapo nakubali: anayefuga buldogi ampime. Lakini hali hiyo huandama zaidi aina hizo hizo za pua bapa, na ni hoja ya kutozileta Kalemie kabla ya kuwa hoja ya kununua mashine.

Nawasihi wenzangu wa huduma ya mifugo ya jimbo tuanze na daftari: jike gani, dume gani, siku gani, watoto wangapi, wangapi wana kaakaa wazi au ngiri. Fedha zinazobaki zinunue chanjo ya kichaa cha mbwa. Ekografia ije baada ya hayo, kwa kazi inayoiweza: kutuambia kama watoto wangali hai.